Ati Mtu wa Mombasa Ndiye Aliyekiandika

Skuta, Nyeri. Jumamosi, Julai 1999.

Baridi ya mwezi wa saba. Ukungu haujaondoka tangu asubuhi, na mlima sijauona wiki nzima. Nimevaa sweta mbili.

Nimefanya jambo. Wacha niliandike kabla sijaanza kujitetea.

Bosi wangu, Bwana Muriuki, ndiye aliyetengeneza Tarishi, programu ya kutuma barua pepe. Aliitoa bure na akaiacha wazi: yeyote anaweza kuifungua, aone ilivyoundwa, airekebishe, ampe jirani. Shule, zahanati na vyama vya kahawa kutoka Karatina hadi Nanyuki wanaitumia. Jioni kompyuta zao hupigia simu kompyuta ya ofisi yetu, zinaacha barua na kuchukua zao, kisha yetu inapiga Nairobi mara moja kwa niaba ya wote. Gharama ya simu hiyo tulikuwa tunachanga.

Hata programu yenyewe ilikuwa ya mchango. Mwalimu Gitonga wa Naro Moru aliandika sehemu inayofanya barua iendelee pale ilipokatikia laini ya simu ikianguka, na huku kwetu laini huanguka kila mvua ikinyesha. Mimi niliandika Kiswahili chote. Kila neno linalotokea kwenye skrini, kila maelezo ya kufanya nini ukikwama. Nilikiandika baada ya saa za kazi, kamusi ya shule ikiwa mapajani. Nilitaka mama yangu aweze kuisoma bila kumuuliza mtu.

Alhamisi, katika hoteli moja mjini, Bosi alizindua huduma yake mpya, Sanduku la Tarishi. Programu ni ile ile, ila sasa unalipa kila mwezi ndipo barua zako zipite kwetu. Asiyelipa, kuanzia Jumatatu kompyuta yetu haitapokea simu yake.

Kulipisha si dhambi. Simu ya Nairobi si bure, na mshahara wangu hautoki mbinguni. Hilo ningelimeza.

Lakini pale hotelini, mwalimu mkuu mmoja, mama wa makamo, alisimama akasifu Kiswahili. Alisema ni kisafi na hakimtishi mtu. Akauliza nani alikiandika. Mimi nilikuwa nimesimama karibu naye na chupa ya chai mkononi, maana kazi niliyopewa siku hiyo ilikuwa chai.

Bosi alitabasamu. "Hiyo nilitafuta mtu wa Mombasa, mama. Huku kwetu tungetoa wapi Kiswahili kama hiyo? Hata huyu Muthoni wangu, mwambie aseme 'lala' usikie."

Watu walicheka, maana sisi wa huku husemwa tunatamka 'rara'. Mimi pia nilicheka.

Nilicheka, nikamwongezea Bosi chai.

Ndipo Mwalimu Gitonga akauliza shule zisizo na pesa zitafanyaje. "Mwalimu, programu si ni ya bure hata leo?" Bosi alimjibu. "Chukua, enda nayo. Lakini laini ni yangu. Ama utaiendesha na maombi?"

Wakacheka tena. Mara hii sikucheka. Nilikuwa nawaza simu iliyo katika ofisi ya kanisa letu hapa Skuta, na kompyuta waliyoletewa na wageni, ambayo kazi yake ni kuchapa matangazo ya Jumapili tu.

Nilimfuata Mwalimu nje.

"Kanisa yetu iko na simu," nilimwambia. "Na kompyuta."

"Na hiyo kompyuta ikikataa kuamka? Mimi niko Naro Moru."

"Nitaiamsha."

Alinitazama. "Wewe? Muriuki atakufuta kazi, msichana."

Ni kweli, lakini nilikwenda kwa Padri kuomba ofisi. Naye hakuuliza mengi. "Bora msiniharibie rejista ya ubatizo," alisema, akanipa ufunguo.

Ningependa kuandika hapa kwamba nimefanya haya kwa ajili ya shule. Si kweli. Ninachotaka ni ile simu ya ofisi yetu ikae kimya jioni. Nataka Bosi aone wateja wakimwacha mmoja mmoja, na ajue chai ile alikuwa amemiminiwa na nani.

Nimekipanga kisasi hiki kwa uangalifu ule ule ninaopangia faili zake. Sijaiba kitu. Ruhusa ya kunakili na kubadilisha iko kwenye skrini ya kwanza ya Tarishi. Aliiandika yeye mwenyewe kwa Kiingereza, mimi nikaitafsiri. Akitaka kunishtaki, atanishtaki kwa kutii maneno yake.

Ni yeye aliyenifundisha kompyuta, wakati ofisi nyingine zilikuwa zinanipa taipureta na ufagio kwa pamoja. Tangu Alhamisi nimekuwa nikijikumbusha hilo ili nipoe. Nalikumbuka vizuri. Sipoi.

Mama hajui. Akijua atasema kazi ya ofisi haitupwi kama maganda ya viazi.

Leo mchana kompyuta ya kanisa, nikiwa nimeiwekea Tarishi, ilipokea simu ya Naro Moru. Laini ikaanguka, ikarudi, na barua ikaendelea ilipokuwa imefika. Kilichobaki kilikuwa salamu ya kuwatumia watu wote wanaotumia Tarishi. Niliandika kwamba Skuta sasa kuna kituo, kwamba gharama ya Nairobi tutachanga kama zamani, kwamba wote wanakaribishwa. Sikuweka jina. Bosi angeshuku, lakini asingekuwa na hakika, na kazi yangu ingebaki.

Nilikaa nikiitazama. Kisha nikaona ni nini kingetokea. Bosi angeisoma, asifu Kiswahili kilichomo, halafu aseme wenye kituo wamempata yule mtu wa Mombasa.

Nikaongeza chini: "Maneno haya, na yote uliyowahi kusoma ndani ya Tarishi, yaliandikwa na Muthoni, karani, mzaliwa wa Nyeri. Ukikwama, niulize." Anwani ya Bosi nikaiweka ya kwanza.

Barua itaondoka kesho jioni, kompyuta ya kanisa itakapopiga simu Nairobi. Itakwenda Nairobi kwanza ndipo irudi Nyeri, safari yote hiyo kufika ofisi ninayoweza kuiendea kwa miguu. Jumatatu asubuhi Bosi ataifungua akiwa bado amevaa koti, na ataisoma kwa sauti, kama anavyosoma barua zake zote, ofisi nzima isikie.

Ningeweza kujifanya mgonjwa siku hiyo. Hata kukohoa nimejaribu, hapa peke yangu. Lakini nitakwenda, nikae mezani pangu, nimsikilize akilitaja jina langu kwa mdomo wake.

Ufunguo wa ofisi ya kanisa ninao mimi. Nina Jumapili nzima ya kwenda kuifuta barua ile.

Sitaifuta.