Kibao cha Lundo la Mbolea

Jumatatu, 7 Oktoba
Nimegeuza lundo la kona ya soko asubuhi. Kijiti cha katikati kimetoka na joto, linaoza vizuri. Lakini humo nimetoa sashe za plastiki kumi na nne, betri mbili za redio na ndala. Kibao kiko wazi, nimekiandika mwenyewe: TAKA ZIOZAZO TU. Sentensi fupi, sahihi. Hawasomi.

Jumatano, 9 Oktoba
Malori ya kabichi kutoka mji wa Komanda yamefika na askari wa kuyasindikiza, yamechelewa siku tano. Kabichi zimeoza njiani. Chakula kizuri cha lundo, ila wanawake wa sokoni wamezitupa ndani ya sashe, mafundo yamekazwa. Nimefungua moja moja. Sabuni haiondoi harufu. Nimekasirika hata sikula.

Alhamisi, 10 Oktoba
Msimamizi wa soko amepekua mbolea kwa ncha ya kiatu. Plastiki. Atarudi Jumatatu. Akiikuta tena, kona hii watapewa wauza mafuta. Miezi mitano ya kazi. Na waliokimbia vijiji vyao, wanaolima vipande vya ardhi iliyochoka nyuma ya mtaa wa Lumumba, nimewaahidi mbolea hii.
Nimepaka kibao upya. Herufi kubwa zaidi.

Ijumaa, 11 Oktoba
Herufi kubwa, sashe nyingi zaidi. Nimemfokea Mama Kavira, muuza kabichi aliyehamia hapa kutoka Butembo. Kwa nini hasomi? Hakuinuka hata kitini.
"Papa Mwalimu, tulisoma. Uliandika 'taka'. Tukawaza unataka byote."
Wenzake wakacheka. Mmoja akauliza kama Ziozazo ni jina la bibi yangu.
Hapa uchafu huitwa bucafu. Taka ni kutaka, basi. Nililijua hilo tangu utoto. Miaka thelathini na minne niliwachapa watoto darasani kwa kusema hivyo.

Jumamosi, 12 Oktoba
Mama Kavira amegeuza kibao, akaandika kwa mkaa: BYENYE KUOZA TU. SASHE HAPANA.
Makosa mawili: BYENYE badala ya vyenye, SASHE badala ya mifuko. Nilikwisha kulowesha kitambaa cha kuyafuta. Nimekianika.
Jioni, sashe moja tu.

Jumatatu, 14 Oktoba
Msimamizi ameshika mbolea mkononi, akainusa, akasema niendelee. Magunia sita yamekwenda Lumumba.
Mvua ya jana imefuta nusu ya mkaa. Nimechukua rangi na brashi, nikafuata mwandiko wake herufi kwa herufi. Neno la kwanza tu, niliwaza VYENYE. Kisha nikaandika BYENYE.