Kiti Kilichomwangusha Mchungaji

MAELEZO YA SHAHIDI

Jina: Babu Kengele, ndilo wanalolijua wote.
Umri: Sabini na ushee.
Kazi: Mpiga kengele wa kanisa.
Makazi: Chumba cha nyuma ya kanisa.

Afande, hii habari wote wanaisimulia vibaya. Muuza viti anatia chumvi, wanakwaya wanatia pilipili. Aliyeona ni mimi. Macho haya, hata mbu akikonyeza namwona.

Mnamo Jumapili iliyopita, baada ya ibada ya asubuhi, tulibaki kanisani kuchagua vya kukalia, maana mabenchi ya zamani yameliwa na mchwa. Mbele paliwekwa benchi la mbao la fundi, na kiti cha chuma cha kukunja cha muuza viti. Fundi ni mkwe wangu, amemwoa binti yangu wa mwisho. Msidhani namtetea. Akila kwangu, hata sufuria inaomba msamaha.

Mwenyekiti wa akina mama alitaka viti. Alisema, "Vinakunjwa, sakafu inafagilika." Nikamwambia, "Dada yangu, benchi halimfukuzi mtu. Likijaa, watu wanasogeana." Watu wakacheka. Mimi nikisema, watu hucheka.

Utaratibu wetu ni kwamba kila kitu kikaliwe kama kinavyokaliwa kwenye ibada. Fundi akakaza nati za miguu ya benchi lake kwa spana, akaitia spana mfukoni, akaenda kusimama mlangoni. Kiti hakukigusa. Benchi wakalikalia watu saba, mmoja na mtoto mgongoni. Halikulia.

Ikaja zamu ya kiti. Mchungaji akasema, "Ngoja niwaonyeshe Babu Kengele anavyosikiliza mahubiri yangu." Akakaa, akafumba macho, akaachama, akakoroma. Kanisa zima hoi kwa kicheko. Akaegemea nyuma mpaka miguu ya mbele ya kiti ikanyanyuka. Nikamwonya, "Baba Mchungaji, utaanguka." Kiti kikajikunja naye. Kisogo kikapiga ngazi ya madhabahu. Yuko hospitali, mpaka leo hajafumbua macho.

Muuza viti akapiga kelele kwamba fundi amelegeza nati za kiti. Mlipofika mkamkuta fundi na spana mfukoni, mkamchukua. Binti yangu anashinda hapo nje kwenye ngazi zenu. Chakula hali, na mimi hanisemeshi.

Kiti hakikulegezwa, afande. Kilikaliwa vibaya.

Niliyoyaona ni hayo, nimesomewa na nimeyasikia. Ila pale pa kumwonya, pafute. Pale nilipamba tu. Sikumwonya. Nilisema, "Egemea zaidi, Baba, mimi huwa nafika mpaka ukutani." Ndipo akaegemea zaidi. Andika hivyo.

Sahihi ya shahidi: (dole gumba la kulia)

Afisa: Maelezo yameandikwa nami na kusomwa kwa shahidi. Mstari wa onyo umekatwa mbele yake kwa ombi lake. Aliuliza kama mkwe wake anaweza kutoka leo. Nimemwambia asubiri nje, pamoja na bintiye.