Mbili Chini ya Tano

Fort Wayne, Indiana
9 Januari 1973

Kaka yangu Elwood,

Pokea salamu zangu na za shemeji yako Opal. Sisi tupo, tunavuta pumzi, tunashukuru. Wewe je, goti linasemaje? Na paa la nyumba ya Baba limestahimili theluji ya mwaka huu?

Nina habari, na nina ombi. Habari ni ya macho. Daktari anasema katikati ya macho yangu yote mawili panakufa, na dawa hakuna. Pembeni nitaendelea kuona, nitajua mlango ulipo, ila kusoma au kutazama kitu kidogo ndiyo basi tena. Amenipa mpaka mwisho wa Aprili.

Ombi ni ile nusu dola ya 1815. Niazime wiki moja tu. Nusu dola zangu zote za miaka ya shufwa nimekwisha kuzipitia kwa lenzi, nimehesabu nyota na mistari ya ngao ya tai mpaka Opal ananiuliza nilimwoa yeye au nilioa sarafu. Bado hiyo moja. Nilikuwa na miaka saba Baba aliponipakata akanionyesha ile mbili iliyojificha chini ya tano, na tangu tumzike sijaiona. Miaka kumi na mmoja, kaka. Siji kukunyang'anya. Nataka kuiona kabla sijashindwa.

Mdogo wako,
Merle


Lititz, Pennsylvania
18 Januari 1973

Mdogo wangu Merle,

Barua yako imenikuta mzima, ila goti linatabiri theluji kuliko redio. Mwaka Mpya nilipika nguruwe na kabichi chachu kama alivyokuwa akipika Mama, nikala peke yangu, iliyobaki nikampelekea jirani. Habari ya macho imeniuma. Pole sana. Lakini madaktari nao hukosea, usijizike mapema.

Kuhusu 1815, hapana. Posta ya siku hizi siiamini. Kadi yenu ya Krismasi ilinifikia imechanika kama imetafunwa na mbwa. Halafu tusidanganyane, nakujua. Ikishafika kwako utaanza wimbo wako ule ule, kwamba muhuri wa kuigongea ulichongwa 1812, ukakaa kabatini bila kutumika, na 1815 wakachonga tano juu ya mbili ili kuokoa chuma, kwa hiyo sarafu ni ya shufwa na ni yako. Baba aliandika kwenye bahasha kwa mkono wake: miaka ya witiri ya Elwood, miaka ya shufwa ya Merle. Sarafu yenyewe inasomeka 1815. Hata mtoto wa darasa la kwanza anajua kumi na tano ni witiri.

Kula karoti, zinasaidia macho. Msalimie shemeji.

Kaka yako,
Elwood


Fort Wayne
27 Januari 1973

Kaka Elwood,

Hujambo. Sisi hatujambo. Salamu zimeishia hapo kwa sababu nimekasirika.

Karoti! Nakuambia napofuka, unaniambia karoti! Nani ametaja urithi katika barua yangu? Isome tena, wewe mwenye macho. Ndiyo, bado nasema muhuri ulizaliwa 1812 na kubadilishiwa nguo hakumbadilishi mtu umri. Lakini hilo nimeliweka kando. Naomba kuona, siombi kumiliki.

Ukitaka rehani, hii hapa ndani ya kifurushi: 1794 yangu, ya mwaka wa kwanza kabisa, ambayo ulikuwa ukiimezea mate tangu tukiwa watoto. Ikae kwako mpaka 1815 irudi. Nimemaliza.

Mdogo wako,
Merle


Lititz
8 Februari 1973

Mdogo wangu,

Natumaini mnaendelea vizuri, na hasira zimepungua. Umerogwa? Nani anatia 1794 kwenye posta kama soksi? Nimeifungulia juu ya mto, isije ikaanguka. Nairudisha leo hii, nimeiandikisha na kuilipia bima. Sichukui rehani kwa mtoto wa mama yangu.

Sikiliza. Machi klabu yetu ya wakusanya sarafu ina maonyesho mjini Lancaster, na nimeahidi kupeleka witiri zote. Maonyesho yakiisha, tutaona. Usinisukume, Merle. Tangu utotoni wewe ni mtu wa kusukuma.

Kaka yako,
Elwood


Fort Wayne
2 Aprili 1973

Kaka,

Mzima? Mimi si mzima. Naandika kwa kalamu nene ya kuandikia maboksi, na mistari inapanda kama unavyoona.

1794 imekwenda Lititz na kurudi bila mkwaruzo, kwa hiyo posta haina kosa. Maonyesho yamepita, kwa hiyo klabu haina kosa. Na Roy Fenstermacher wa klabu yenu ameniandikia kunipa pole ya macho, akauliza kwa nini kwenye sanduku lako nafasi ya 1815 ilikuwa na kadi tu, sarafu hakuna. Anasema watu walikuuliza ukasema iko benki. Tangu lini wewe unaweka kitu benki? Baba alisema benki ni mahali pa kupeleka vitu usivyovipenda.

Lisemwalo lipo. Umeiuza? Umeipoteza? Sema. Kama imekwenda, niambie imekwenda, nitalia nimalize. Kinachoniua ni kuzungushwa kama mdai. Usipojibu kufikia katikati ya mwezi tutakuja wenyewe, Opal ataendesha.

Merle, mdogo wako


Fort Wayne
29 Aprili 1973

Elwood,

Salamu sina.

Tumeendesha maili mia tano na arobaini, shemeji yako kashika usukani kutoka alfajiri, mgongo umemkakamaa. Tumebisha mlango wa mbele, tumebisha wa nyuma. Taa ya jikoni inawaka. Kahawa inanukia mpaka nje. Opal amekuita jina, nami nimekuita jina, katika nyumba niliyozaliwa, na hukufungua.

Sasa nikimtazama Opal naona nywele zake na mabega yake, na pale penye uso pana doa. Hii ni barua ya mwisho ninayoandika kwa mkono wangu. Nimeitumia kwako, sijui kwa nini.

Merle


Lititz
20 Mei 1973

Mdogo wangu Merle,

Shemeji Opal, najua ni wewe unayemsomea. Nakuomba usome yote, hata pale utakapotaka kuichana.

Nilikuwepo. Nilikaa sakafuni nyuma ya jiko, mzee wa miaka sitini na sita, nimeshika kikombe, nikiwasikia. Sina la kujitetea.

Sikuiuza. Mwaka ule baada ya mazishi, tulipogombana kwenye simu, niliichukua nikaiweka chini ya lenzi. Nilitaka kuthibitisha kwamba mbili yako si mbili, ni ufa tu wa muhuri, nikunyamazishe kabisa. Lakini sarafu ilikuwa imefunikwa na ule weusi wake wa miaka mia na hamsini, sikuona sawasawa. Nikachukua dawa ya Mama ya kung'arishia vijiko vya fedha, nikaisugua. Mimi! Mimi niliyekuzaba kofi ukiwa na miaka kumi kwa sababu uliifuta moja kwenye suruali. Baba alisema sarafu haioshwi, anayeiosha ameiua, na mimi nimewahubiria vijana wa klabu maneno hayo miaka yote hii. Nilipoisuuza iling'aa kama kijiko, imejaa mikwaruzo. Maji yakimwagika hayazoleki.

Tangu siku hiyo sijaiwekea lenzi. Naogopa mbili nimeifuta. Kila ulipoiomba nilisikia kama unaniita jela, na badala ya kusema kweli nikakupa karoti. Mlipobisha nilitaka kufungua, nikangoja mpaka gari likaondoka.

Imo humu ndani. Ni ya 1812, ni ya shufwa, ni yako. Umeshinda. Nisamehe, na usiponisamehe nitaelewa.

Kaka yako,
Elwood


Fort Wayne
2 Juni 1973

Kaka Elwood,

Mwandiko ni wa Opal, maneno ni yangu. Sisi wazima kwa kiasi chetu. Sarafu imefika.

Jana sikula. Hasira yangu si ya sarafu, nataka ulielewe hilo. Ungeniambia mwaka ule ule ningekutukana siku mbili, ya tatu ningekucheka, mpaka leo ningekuwa nakuita Elwood Vijiko mbele ya klabu nzima. Ukaona bora ninyimwe kaka kwa ajili ya kopo la dawa. Opal ananiambia nipunguze. Sipunguzi.

Na shufwa yako siitaki. Sasa hivi ndipo unanikubalia, wakati siwezi kusoma tarehe wala ile bahasha ya Baba? Baki nayo hoja yako.

Tangu asubuhi Opal amekaa dirishani na lenzi. Anasema anaona tano. Nikamwambia tazama kwenye mguu wa tano, kushoto, taratibu, geuza mwanga. Anasema pana kitu, huenda ni mkwaruzo, huenda ni mkia wa mbili, hajui. Nimemfokea, kisha nikamwomba radhi, maana atajuaje? Hakupakatwa na Baba. Tulioiona mbili ile ikiwa nzima tumebaki wawili duniani, na mmoja haoni.

Basi la kutoka kwenu linaingia hapa Ijumaa saa kumi jioni. Njoo na lenzi yako, hii ya Opal haifai kitu. Utakaa nami dirishani, utaitazama ile uliyoiogopa miaka kumi na mmoja, na utaniambia ipo au umeifuta. Usinidanganye kwa huruma. Nitaijua sauti yako.

Mdogo wako,
Merle