Pembe Kwenye Kabati la Kioo

Titye, Alhamisi

Leo huko makumbusho ya Kasulu, kwenye maonyesho ya uhalifu na haki, nimeona pembe ya kamchape, mtafuta wachawi. Kibao kinasema ilitumika zamani. Wageni wakacheka.

Zamani ipi? Kamchape yupo hapa kijijini tangu Jumatatu. Anachimba penye udongo uliotifuliwa, na pembe, ushahidi wake wa uchawi, haikosi kutoka. Kwa jirani ilitoka, bibi wa watu akachomewa nyumba. Kesho ni zamu yetu. Naogopa.

Nimerudi nikamkuta mama mkwe, mjane wa macho mekundu kwa moshi, ananawa mikono.

"Mvua imelainisha ardhi, mwanangu. Nimepanda viazi."

Ua mzima umetifuliwa. Nikiushindilia sasa, majirani wataona na kusema tunaficha pembe.

Nimemwambia asante.