Familia Zenye Watoto Zaidi ya Tisa

Katuba, Lubumbashi
10 Oktoba 1976

Yaya Delphine, dada yangu mkubwa,

Nakusalimu kwa moyo wote, wewe pamoja na mama na wote walio nyumbani Mitwaba. Mnaendeleaje na joto hili la kungoja mvua? Goti la mama limepoa, au bado linamsumbua akienda shambani? Ile dawa ya kuchua nimempa dereva wa lori. Mwambie mama asiipake kwa wingi kama mara ya kwanza, akashinda anawashwa siku nzima na kunilaumu mimi niliye mbali. Mimi huku ni mzima wa mwili. Bado napanga chumba kilekile tulichokaa pamoja. Upande wako wa kitanda naweka nguo, maana nikiuacha wazi sipati usingizi.

Barua yako ilinifikia Jumanne, nikaisoma nimesimama mlangoni, viatu bado mguuni. Unasema Masere Marie-Thérèse, yule mtawa wa shule ya misheni, amekuja mara mbili kukuomba ufundishe hesabu darasa la sita, na mara mbili umemkatalia. Unasema namba zilishakusaliti, na hutaki kuwapotosha watoto wa watu. Mwezi ukiisha atamchukua mtu mwingine. Yaya, ni kwa sababu ya maneno hayo naandika leo. Nakuomba usome mpaka mwisho, hata ukikasirika njiani.

Unakumbuka chumba chetu cha chini pale kwenye kampuni? Wanawake wanane, mashine nane za kutoboa kadi, na kelele kama mvua ya mawe juu ya bati. Wewe ulitoboa, mimi nilihakiki. Hakuna kadi iliyotoka pale ikiwa imepita mkono mmoja tu. Wa kwanza anatoboa akisoma karatasi, wa pili anaipiga upya kadi ileile akisoma karatasi ileile, na mashine ikiona tofauti inakwama. Mwisho mhakiki anatia sahihi kwenye kisanduku. Juu walikaa wanaume na ordinateur yao, ile mashine kubwa ya kusoma kadi zetu na kupiga hesabu, ndani ya baridi ya kiyoyozi. Sisi tulipanda kubeba visanduku tu, tukaviacha mlangoni.

Wewe ulikuwa unaokota karatasi za programu walizotupa, zile ambazo wauza karanga wanafungia. Unazinyoosha kwa mkono, unazisoma jioni ukisonga bukari, na mara mbili bukari iliungua. Nilikucheka. Nilikuambia utazeeka ukisoma takataka. Ukanijibu kwamba takataka zile zinaeleweka kuliko citoyen Kasonde, mkubwa wetu, akianza kuhutubia. Tulicheka mpaka jirani akagonga ukuta.

Halafu ukaja mtihani wa mwaka 1974. Kasonde alishuka akatangaza nafasi tatu za kujifunza kuandika programu, na akasema kwamba mwanamke mmoja, mmoja tu, angeruhusiwa kupanda ikiwa atafaulu, ili waone. Tulijaribu watano. Mimi nilikuwa wa pili kati ya wanawake. Wewe ulikuwa wa kwanza kati ya wote, wanaume wakiwemo. Kasonde alisoma majina akianzia chini, na alipofika kwako alikohoa kwanza.

Wiki mbili kabla hujapanda, ikatoka orodha ya unga. Unajua kampuni inavyowagawia wafanyakazi unga wa mwezi kwa hesabu ya watoto wao. Mama Kapya wa barabara ya nyuma, mwenye watoto kumi, alifika ghalani na magunia yake, na mgawaji akamwonyesha karatasi akisema, “Mama, mashini iko inasema hauna mutoto hata moja.” Mama Kapya akarudi nyumbani, akawaleta wote kumi, akawapanga mstari mbele ya ghala na kumwambia yule bwana aihesabie mashine yake. Ilikuwa hivyo kwa familia zote zenye watoto zaidi ya tisa. Kumi na mmoja wakawa mmoja, kumi na wawili wakawa wawili. Mwezi mzima watoto wale walikula kwa majirani, na majirani wenyewe hawakuwa na kitu.

Juu wakasema kosa ni la kadi. Citoyen Chomba, yule kijana aliyeandika programu ya unga, alisimama mlangoni petu akasema, “Kazi ya banamuke iko vile,” na wenzake wakacheka. Kisanduku kilikuwa chako na changu. Ulipoitwa ofisini hukuonyeshwa kadi hata moja. Ulionyeshwa orodha, na karatasi yenye sahihi yangu isemayo kwamba uliipanga mashine yako vibaya, ikaruka tarakimu ya kwanza, na kwamba mimi nilipitisha kwa haraka, nikaja kuliona kosa kisanduku kilipofunguliwa tena. Ulinikuta kwenye ngazi ukaniuliza mbele ya wote, “Mudogo, uliona kweli?” Nikakuambia niliona. Hukubishana. Ulisema kama nimeona mimi, basi ni kweli. Jioni ile ulimpelekea Mama Kapya unga wetu wote, ukamwomba msamaha ukiwa umepiga magoti, na siku ya tatu ukapanda lori la Mitwaba. Nafasi yako nikapewa mimi.

Katika kila barua umeniuliza maisha ya huko juu yakoje, na mimi nimekujibu kwa maneno mawili matatu. Sasa nikuambie. Mwaka wa kwanza niliandaa kahawa na kupanga makaratasi. Mwaka wa pili wakaniachia programu ambazo hakuna aliyezitaka. Wageni wakija kutoka Kinshasa, naitwa nisimame karibu na mashine nipigwe nao picha, wapate kusema kwamba hapa tunaye mwanamke. Wakiondoka narudi kwenye kahawa. Wakiulizana jambo la kazi wanaulizana wao, na nikisema neno, mmoja analirudia lilelile kama lake na wote wanamsifu. Baba angeona angecheka, halafu angelia.

Mwezi uliopita ukafanyika mtihani mwingine. Kuna msichana huko chini anaitwa Mukuka, anakaa hapahapa Katuba, ana meno yaliyoachana na haogopi mtu. Amekuwa wa kwanza kati ya wote, kama wewe. Kasonde alifungua faili, akatoa ile karatasi yangu ya mwaka 1974, akawasomea mabwana wote. Akasema wanawake wameshajaribiwa na yaliyotokea yanajulikana. Mmoja anatosha. Kisha akanituma mimi nikamweleze Mukuka taratibu, kwa kuwa sisi wanawake tunaelewana. Nilishuka nikamweleza. Aliniambia asante, akarudi kwenye mashine yake.

Nilishindwa kulala kwa ajili ya asante ile. Sasa nimefika pale nilipokuwa nakwepa, yaya.

Kadi zako zilikuwa sawa. Asubuhi ya siku ile ulipoitwa ofisini, kabla hujafika kazini, Kasonde aliniita tukafungua kisanduku pamoja. Unajua kwamba kila kadi imepigwa chapa tarakimu zake juu, mtu yeyote anaweza kuzisoma. Kadi ya mume wa Mama Kapya ilisema kumi. Iliyofuata ilisema kumi na mbili. Tuliziangalia zote, zaidi ya mia mbili, na hakuna hata moja iliyokosewa. Kosa lilikuwa kwenye programu ya Chomba. Ilisoma tarakimu ya mwisho peke yake, maana kijana yule amekulia nyumba ya watoto watatu na hakuwahi kufikiri kwamba kuna mtu ana kumi. Wewe ungefikiri. Sisi tumezaliwa kumi na mmoja kwa mama mmoja, ungeuliza kabla ya kuandika mstari wa kwanza. Mtu wa namna yako ndiye waliyemhitaji chumba kile, na ndiye tuliyemfukuza.

Kasonde alijua, nami nilijua. Aliniambia Chomba ana mjomba kwenye chama, haguswi. Lazima aanguke mmoja wa chini. Nikikataa kutia sahihi tutaanguka wote wawili, na wanawake hawatapanda tena. Nikitia sahihi, nitapanda mimi. Ningependa kukuambia kwamba niliogopa tu. Niliogopa, ndiyo. Lakini pia nilikuwa na wivu. Tangu utotoni nimekuwa wa pili kwako, shuleni, kwa baba, hata kwenye nyimbo za kanisani. Siku ile nikapewa kalamu mkononi. Halafu pale kwenye ngazi uliponiuliza, nilikuwa bado naweza kusema hapana, nikasema niliona. Hilo la ngazini linanichoma kuliko sahihi yenyewe.

Siku iliyofuata baada ya kumweleza Mukuka, nilikwenda kwa Kasonde. Nilikuwa nimefungasha vitu vyangu kwenye mfuko, nikijua nitafukuzwa. Nikamwambia karatasi ile ni ya uongo, aichane, ampandishe msichana. Hakukasirika hata kidogo. Alisema kadi zilishachomwa moto, Chomba sasa ni mkubwa Kinshasa, na jambo limeshapita. Kisha akaniuliza kahawa yake iko wapi. Nikaenda nikaileta.

Mukuka nimemwambia yote. Hanisalimii tena, na ana haki.

Kwa hiyo ukweli huu, huku hauna wa kuutumia. Umebaki wewe tu. Nenda kwa Masere kabla mwezi haujaisha, umwambie utafundisha. Usiende kwa ajili yangu. Sikuombi msamaha katika barua hii, maana nakujua, utanipa, na mimi sitaki uutoe haraka kama ulivyotoa unga. Kasirika kwanza. Miaka miwili umeogopa kuhesabu hata mayai ya kuku wa mama kwa sababu ya uongo wangu, na miaka hiyo sina namna ya kukurudishia.

Mama umwambie au usimwambie, uamuzi ni wako. Nisalimie wadogo zetu wote, mmoja mmoja kwa jina, na mtoto wa Émile niliyesikia amezaliwa na nywele nyingi. Ukiona vyema kuniandikia, nitafurahi. Ukinyamaza, nitaelewa. Mungu awalinde nyote, na mvua iwafikie mapema.

Jambo moja tu ukawe nalo siku ya kwanza ukisimama mbele ya watoto. Nilihakiki kadi zako miaka mitatu. Mashine ilikwama kwa kadi zako mara nne, nikaangalia tena karatasi, na mara zote nne aliyekosea nilikuwa mimi.

Ni mimi mdogo wako,
Wivine