Nimemwita Shemeji Mwizi kwa Sababu ya Kompyuta ya Gemu

Mshauri wetu, shikamoo. Naomba unisikilize kabla sijapasuka, maana nyumbani kwangu hakuna anayenisikiliza na kazini nikieleza wananicheka, na mimi ni mtu mzima, nina mke na binti wa miaka kumi na miwili, ni fundi umeme mwaka wa kumi na nane huu, nimetandaza nyaya kwenye maghorofa, zahanati na ofisi za watu wakubwa na sijawahi kuitwa kurudia kazi yangu hata siku moja, kwa hiyo nikisema kitu kimekufa ujue kimekufa.

Mambo yalianza binti yetu alipofaulu mtihani akaomba mashine ya gemu, ile ya dukani unayoitoa kwenye boksi, unaichomeka kwenye televisheni, unacheza, akasema anaitaka ili mjomba wake akija Jumamosi wacheze wawili. Mama yake akasema nunua hiyo hiyo yaishe, mimi nikasema hapana, kwa pesa hiyo hiyo naunda kompyuta ya gemu mwenyewe, kifaa kimoja kimoja, mtoto acheze humo na kazi za shule afanyie humo humo, na tena nilikuwa nimeangalia video mtandaoni, watu wasiojua hata kushika bisibisi wanaiunda kwa nusu saa huku wanapiga soga, sembuse mimi. Mke wangu akaniuliza, "Itakuwa tayari lini?" Nikamwambia wiki mbili. Huu ni mwezi wa sita.

Nilianza na boksi lenyewe, lina ubavu wa kioo na feni tatu za taa za rangi, nililiwahi kwa sababu lilikuwa la mwisho dukani, mke wangu akaliangalia akasema, "Umenunua mlango, nyumba iko wapi?" mwezi uliofuata nikanunua bodi kubwa ambayo vitu vyote vinachomekwa humo, halafu prosesa, ambayo ndiyo ubongo, na muuzaji akaniambia fundi, hii ni rahisi kwa sababu yenyewe haitoi picha, picha itatoka kwenye kadi, nikamwambia najua, wewe funga tu, kisha ram ya kumbukumbu, kisha pawa saplai, hiyo niliichagua saa nzima maana umeme ndiyo fani yangu, na muda wote huo vitu vimetandazwa kwenye meza ya chakula na sisi tunakula tumepakata sahani.

Ikabaki kadi ya picha, ambayo bei yake peke yake inatisha, nikawa nasitasita, ndipo shemeji yangu akajitokeza. Huyu ni mdogo wake mke wangu, fundi simu, ana kibanda chake karibu na kituo cha mabasi, na mke wangu ndiye aliyemlea, mama yao alifariki yeye akiwa na miaka kumi na saba na mdogo wake ana mitano, kwa hiyo huwezi kumgusa. Shemeji akasema atang'oa kadi kwenye kompyuta yake mwenyewe, nimpe nusu ya bei ya dukani, nikampa, akaileta imefungwa kwenye taulo safi, matundu yake yote yamezibwa na vifuniko vya plastiki, akataka kubaki anisaidie, nikamwambia nenda kazini, hii niachie mimi.

Nikaifunga mwenyewe, nikakaza skrubu zote, kibodi nikachomeka, kipanya nikachomeka, waya wa skrini nikauchomeka pale juu nyuma ya boksi, safu moja na kibodi, ambapo mtu yeyote mwenye akili angeuchomeka, yale matundu ya kwenye kadi sikuyagusa kwa sababu yamezibwa, na katika kazi yetu tundu lililozibwa ni tundu lisilotumika, ukilifungua unajitafutia makubwa. Nikamwita mke wangu, nikamwita binti, wakakaa kwenye kochi, nikabonyeza. Feni zikazunguka, taa zikawaka rangi zote, binti akapiga makofi, sote tukageukia skrini. Nyeusi. Ikaandika kwamba haipokei kitu chochote, halafu ikalala. Nikazima nikawasha, nikang'oa ram nikarudisha, nikabadilisha soketi ya ukutani, nikapima umeme kila mahali na mita yangu, umeme uko safi kabisa, na hivyo ndivyo nilivyojua kwamba kila nilichokifunga kizima isipokuwa kile ambacho sikukinunua dukani.

Wiki tatu nimehangaika, mshauri, wiki tatu, nikampigia shemeji nikamwambia kadi yako imekufa, akasema, "Shemeji, asubuhi ile niliyoitoa ilikuwa inafanya kazi, naomba nije niangalie tu, dakika mbili." Nikamwambia wewe fundi simu utanifundisha mimi nyaya? Kesho yake nikamfuata kibandani, palikuwa na wateja wanne, nikamwambia mbele yao wewe ni mwizi, umemuuzia maiti mume wa dada yako, akabaki ameshika kile kibisibisi chake, hakujibu kitu, na ujue ni mkosaji kwa sababu asiye na kosa angejibu, hata mama mmoja aliyekuwa ameleta simu yake aliichukua pale mezani akaondoka nayo, kwa hiyo hata watu wa nje wameona.

Sasa mke wangu, badala ya kusimama na mumewe, amenuna siku ya kumi na moja leo, haongei nami ila kwa kupitia mtoto, "Mwambie baba yako maji ya kuoga yapo," na mimi nimesimama pale pale, na juzi alifungua mdomo mara moja tu kuniambia kwamba mwezi huu ukiisha sijamwomba radhi mdogo wake, yeye na binti wanahamia kwake. Na binti naye amenisusia ile kompyuta, nikimwambia vumilia nitanunua kadi mpya ananijibu, "Baba, mimi sina haja nayo. Mjomba anakuja lini?"

Mshauri, mimi ndiye niliyeibiwa na mimi ndiye ninayetakiwa kuomba radhi, hii ni haki gani? Niambie nimfanye nini mke asiyesimama upande wa mumewe.

Fundi umeme, niliyechoka

JIBU LA MSHAURI

Marahaba, fundi. Vuta pumzi, maana ulipokuwa unaandika hukuvuta.

Nilipoanza barua yako nilikuhurumia. Baba anayehangaika miezi sita ili mwanawe apate kitu kizuri si mtu mbaya, na kuunda kompyuta badala ya kununua mashine ya dukani wala si ujinga, wapo wengi wanaofanya hivyo na wakafurahi. Huruma yangu iliishia kwa yule mama aliyechukua simu yake mezani akaondoka. Umemvurugia mwenzako riziki halafu unaniletea hilo kama ushahidi!

Mimi kompyuta najua kuiwasha na kuizima, basi. Kwa hiyo nilimwita dada anayetutengenezea kompyuta hapa ofisini nikamsomea barua yako kwa sauti. Nilipofika kwenye waya wa skrini akasema, "Mama, hebu rudia hapo." Nikarudia. Akaweka kikombe chake chini, akacheka mpaka akaegemea ukuta, na alipopata sauti akanieleza kwa maneno ambayo hata mimi niliyaelewa.

Prosesa yako haitoi picha. Muuzaji alikuambia, nawe ukamjibu kwamba unajua. Picha inatoka kwenye kadi, kwa hiyo waya wa skrini unachomekwa kwenye kadi, kwenye moja ya yale matundu yaliyozibwa. Vile vifuniko ni vya kuzuia vumbi, fundi, vinavutwa kwa kucha. Shemeji yako aliviweka kwa sababu ni mtu anayetunza vitu vyake. Kule juu ulikochomeka, kwa prosesa ya aina yako, hakutoki kitu hata ukeshe. Naelewa ulivyoponzwa na kazi yako, kwenye umeme wa nyumba kugusa tundu lililozibwa ni kucheza na roho. Lakini hii si nyumba, na palikuwa na mtu aliyekuomba dakika mbili aje aangalie.

Rudi ukae. Najua umeshasimama, na najua unakoelekea. Waya huo usiuguse.

Dada wa hapa amesema "huenda". Hajaiona mashine yako, naye ni mtu makini. Huenda ni waya, huenda kadi nayo ilipata shida njiani, huenda ni kitu kingine kabisa. Wewe utakwenda kuomba radhi ukiwa bado hujui. Kwa sababu ukichomeka kwanza na picha ikatoka, utamwendea shemeji yako ukichekacheka, "Kumbe ni waya tu, shemeji!" na utaona mmemalizana. Na picha isipotoka? Utarudi kumwita mwizi mara ya pili? Jina la mtu haliwezi kungojea skrini iwake.

Hebu soma tena barua yako mwenyewe. Ameing'oa kwenye kompyuta yake. Yake! Maana yake kule kwake kuna boksi lisilo na kadi, yeye mwenyewe hachezi tena, na amekutoza nusu ya bei ili mpwa wake acheze. Nimefanya kazi hii miaka mingi, nimesoma barua za wezi wa kila namna, sijakutana na mwizi wa aina hiyo. Umeliandika jambo hilo katikati ya sentensi ukapita zako.

Na kwamba hakujibu. Fundi wee! Ulitaka akujibu nini, mume wa dada yake, mtu mzima unayempigia kelele mbele ya wateja? Alikuwa na majibu, alikuwa na mdomo, na kwa kusema ukweli alikuwa na haki ya kukufukuza. Alikaa kimya kwa sababu amelelewa vizuri.

Nani alimlea? Hapo ndipo pa mkeo, na hapo ndipo nilipokasirika hasa. Unauliza kwa nini hasimami upande wako. Msichana wa miaka kumi na saba alibaki na mtoto wa miaka mitano mikononi, akamwosha, akampeleka shule, akamfundisha asiguse cha mtu, na ameyafanya hayo kabla hajakujua wewe. Ulipotamka lile neno pale kibandani ulimwambia mkeo kwamba kazi kubwa kuliko zote alizowahi kufanya imeharibika. Na wewe, ambaye hujawahi kuitwa kurudia kazi yako hata siku moja, ungenuna siku ngapi?

Binti yako amekuambia mara mbili anachotaka. Mwanzoni alitaka mashine ili acheze na mjomba wake, sasa anauliza mjomba anakuja lini. Wewe miezi sita yote umesikia habari za mashine tu.

Basi fanya hivi, na ufanye leo. Nenda kibandani saa zile watu wamejaa. Simama pale pale uliposimama, na sauti iwe ile ile, usije ukaleta ya chumbani. Mwambie, "Shemeji, nilikuita mwizi hapa. Nilikusingizia. Nisamehe." Ukimaliza nyamaza. Usitaje kadi, usitaje waya, na neno "lakini" likikujia limeze. Akinyamaza, mpe muda anyamaze. Akikufokea, sikiliza mpaka amalize. Halafu muulize yule mama wa simu anapatikana wapi, umfuate umwambie kwamba fundi yule ni mwaminifu na kwamba wewe ulikuwa na hasira zako. Utaona aibu, najua. Shemeji yako aliona aibu na hakuwa na kosa.

Baada ya hapo, kama moyo wake utakubali, mwombe aje nyumbani aangalie nyuma ya hilo boksi. Yeye ndiye afungue, wewe umshikie tochi. Ikiwaka, usiseme "nilijua". Isipowaka, usiseme kitu chochote, mpe kadi yake arudishe kwake, kisha mpeleke mtoto dukani ukamnunulie ile aliyoiomba tangu mwanzo. Na kwa vyovyote vile, toa vyuma vyako kwenye meza ya chakula ili watu wapate kula.

Sasa nina neno na mkeo, maana gazeti likishaingia ndani halisomwi na mtu mmoja. Dada, pole. Usimsemeshe kwanza. Mtazame tu anaelekea wapi akishaweka gazeti hili chini. Akivaa viatu akatoka, muache aende, na umwekee chakula, atarudi amechoka. Akienda kuinama nyuma ya lile boksi, funga mizigo yako na ya mtoto, na mwisho wa mwezi usiungoje.