Skrubu Inayolegea Kila Siku

Jumatatu, 14 Januari

Jiko la kupashia nyumba joto limezima. Nimerudi na basi la shule ninaloendesha saa tisa, namkuta mama mkwe amekaa mbele yake na koti la kanisani, kofia kichwani, anatazama kioo cheusi. Nje nyuzi kumi na nane chini ya sifuri. Ndani sijui. Sikutaka kupima.

Limezima saa ngapi, mama? Eti tangu alipomaliza rozari, saa tano. Mbona hukunipigia simu? Kwani ungewaacha watoto wa watu barabarani uje kuwasha jiko, akanijibu. Ana miaka themanini na sita na bado hakosi jibu.

Nimekagua ninayoyajua. Tangi limejaa punje za mbao, ndizo kuni zake, kavu. Nimezoa majivu, nimekwangua kikombe cha moto, nimepitisha brashi kwenye bomba la moshi. Nikawasha, likawaka vizuri, nikajisifu. Dakika ishirini — likafa. Umeme upo, feni inavuma, ubavuni kitu kinanguruma, lakini punje hazishuki.

Halafu wifi yangu Ghislaine akapiga simu. Yule, baridi ya nyumba hii anaisikia kutoka mjini Caribou. Chumba kimepatikana kwenye nyumba ya wazee, mlango unaofuatana na wa mama mdogo Yvonne, ndugu yake mama. Anakuja Jumamosi. Akikuta nyumba ya baridi anaondoka na mama yake, nisimletee maneno. Nikamwambia atakuta nyumba ya kuvulia sweta. Nikakata.

Réal, mume wangu, alinishika mkono hospitalini, siku mbili kabla hajafa: mama afie chumbani mwake. Nikasema ndiyo. Na huku Bondeni mtu hapeleki mama yake akatunzwe na watu wa mshahara. Majirani hawatakusema. Watakuletea keki na kukutazama tu.

Mama alikuwa anasikiliza simu, bila shaka. Aliuliza kitu kimoja: hicho chumba dirisha lake linatazama mtoni? Maskini, ameogopa. Nikamwambia usijali mama, huendi popote.

Jumanne, 15 Januari

Nimeipata! Nimefungua ubavu wa jiko, mama kanishikia tochi. Kuna mota ndogo inayozungusha keekee ndefu, na keekee ndiyo inasukuma punje zidondoke motoni. Basi mota ilikuwa inazunguka peke yake kama mwehu, keekee imetulia tuli. Kinachoziunganisha ni skrubu moja, ndogo kuliko jino la mtoto. Ilikuwa imelegea.

Mama akachungulia. "Hiyo tu? Hiyo ndiyo inashika nyumba nzima?" Hiyo tu, mama. Akacheka. Miaka thelathini alitengeneza mikanda ya kuchagulia viazi ghalani, mambo haya anayapenda. Akanionyesha hata namna ya kuigeuza alenki nikaze kwa upande mrefu. Alenki ni ya Réal, kile kichuma chake kilichopinda, bado kina rangi nyekundu ya trekta. Nimekiacha juu ya jiko kwa ajili ya kesho kutwa, maana simwamini huyu mdudu. Ubavu sijaurudishia, kwa sababu hiyo hiyo.

Nyumba imepata moto. Nikatengeneza ploi, vile vichapati vyetu vya unga wa ngano nyeusi, kwa maharage, mama kala nne. Anasema Yvonne sasa anacheza karata na mwanamke wa Frenchville asiyejua kuhesabu turufu. "Anamharibia mchezo," anasema. Akarudia tena wakati wa kuosha vyombo.

Alhamisi, 17 Januari

Limezima tena. Jana lilikesha likiwaka, leo asubuhi nimeliacha linanguruma vizuri, saa tisa narudi — kaburi. Mama ndani ya mablanketi mawili. Vidole vyake nimevishika, ni vya barafu. Nilitaka kulia, nikafoka badala yake. Nimefokea jiko, yeye akaitikia pole mwanangu, kama vile nimemfokea yeye.

Skrubu ile ile. Imelegea kabisa, ya kugeuza kwa kucha. Na alenki siioni. Nimeinua hata zulia.

Nikamwita Fernand, binamu wa Réal, anatengeneza pikipiki za theluji hapo barabara ya chini. Kaingia na utani wake. "Shemeji, unaendesha watoto arobaini kwenye barafu, skrubu moja inakushinda?" Nikamwambia akae kimya afanye kazi, kahawa atapewa kwa tabia njema. Anasema ni mtetemo. Kaipaka gundi ya buluu ya kuzuia skrubu isilegee, kakaza kwa alenki yake mwenyewe. Anasema sasa hata shetani akitaka kuifungua atahitaji mkono wa kiume.

Mama akiwa kwenye kiti akasema, gundi ya buluu inafunguka, ile nyekundu ndiyo haifunguki. Fernand akacheka mpaka kahawa ikamwagika. "Mama Alphonsine, wewe nikuajiri."

Nimekuta mto wake wa kupigia magoti sakafuni, kando ya jiko. Mama anaombea jiko. Nimerudisha mto chumbani, roho ikaniuma. Mwanamke mzima wa umri huo anapiga magoti kuomba asifukuzwe kwenye nyumba aliyozalia watoto wake.

Ijumaa, 18 Januari

Tena.

Nimempigia Fernand. Hakutania. Kasema, shemeji, skrubu yenye gundi haijifungui kwa siku moja. Kaja, kakaza, kaondoka bila kahawa.

Vumbi la buluu sakafuni, kidogo, kama chumvi. Na mto tena.

Hasira imenijaa. Nimemkasirikia Réal kwa kufa, nimemkasirikia Ghislaine kwa kuwa na nyumba yenye joto. Kesho saa nne anakuja. Nilitoa neno langu kwa mtu anayekufa, halafu neno lenyewe linaning'inia kwenye skrubu!

Jumamosi, 19 Januari

Naandika jikoni, nimesimama, daftari juu ya mashine ya kufulia. Kahawa iko motoni. Wao wako sebuleni.

Saa moja asubuhi nilikuwa natia nguo kwenye mashine. Aproni ya mama ina uzito mfukoni. Nikatia mkono. Leso, imefungwa fundo. Ndani ya leso alenki ya Réal, ile ya rangi nyekundu, na nchani ina ukoko wa buluu.

Nikakaa juu ya kapu la nguo. Niliwaza yote, hata kwamba akili imeanza kumtoka. Akili gani? Huyu alijua gundi ipi inafunguka. Dirisha linatazama mtoni? Yvonne anaharibiwa mchezo. Mimi natoka saa kumi na mbili narudi saa tisa, na katika saa zote hizo hakuna anayemwambia hata habari ya asubuhi. Tangu Réal afe nimemwekea joto, nimemwekea chakula kwenye sahani iliyofunikwa. Sikumwuliza yeye mwenyewe anataka kuishi wapi. Na yeye angesemaje? Amuombe mjane wa mwanawe avunje ahadi? Angekufa kwanza kwa baridi. Juzi karibu afe. Nimeona aibu kuliko siku yoyote ya maisha yangu.

Na hapo hapo nikafanya nini? Nikaenda kwenye jiko, nikakaza skrubu kwa alenki hiyo hiyo kwa nguvu zangu zote. Sijui kwa nini. Mkono ulikwenda wenyewe.

Ghislaine kaingia saa nne kamili, theluji mpaka magotini. Kavua glavu, kaweka kiganja karibu na kioo, kakiondoa haraka. Kazunguka vyumba vyote. Akarudi, uso umemlegea, kasema kwa sauti ndogo nisiyoizoea: "Haya wifi. Umeshinda. Nilikukosea. Mama abaki kwake."

Akanikumbatia. Nilisubiri siku hii wiki nzima.

Mama amekaa kwenye kiti chake na koti la kanisani limefungwa mpaka shingoni. Begi dogo liko chini ya kiti, nimeliona, na pakiti ya karata imetokeza pembeni. Ghislaine kamuuliza, mama, mbona na koti humu ndani? Eti anasikia baridi. Jasho linamtiririka kwenye paji la uso. Nikasema naleta kahawa, nikakimbilia huku.

Mlango uko wazi, nawaona. Ghislaine anacheka, anasimulia habari za barabara. Ananiita, Léonie, hiyo kahawa unailima? Alenki iko mfukoni mwangu. Nikiitoa mbele yake, nimemvua mama nguo mbele ya binti yake. Nisipoitoa, jiko litawaka mpaka mwezi wa nne, na mama atakaa mbele yake peke yake.

Mama ameanza kuvua koti. Vifungo vyake ni vikubwa, vya zamani, na vidole havimtii. Amefungua vitatu. Bado viwili.